Mvumo Niliouacha Mwika

Vijana wa dukani, siku ya kuniaga mlinipa daftari jipya mkasema, "Mama Marietha, tuandikie." Nadhani mlitaka mawaidha. Mawaidha sina. Ninazo kumbukumbu za redio na za watu, na watu ndio walionisumbua zaidi, kwa sababu redio ikiharibika haifichi. Nitaandika ninavyokumbuka, na pale nilipokosea nitasema mwenyewe, maana mkisikia kwa wengine watatia chumvi.

Sikuzaliwa mlimani. Wazazi wangu walitoka Singida kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule tambarare, na mimi nilikulia kwenye nyumba za wafanyakazi, ambako king'ora cha kiwanda ndicho kilikuwa saa ya kila mtu. Kichaga nilikisikia sokoni tu, nikajua cha kununulia ndizi na cha kushukuru. Nilidhani kinatosha.

Katikati ya miaka ya themanini, nikiwa na cheti cha ufundi ambacho hata wino haujakauka vizuri, nilipata kazi kwa Bwana Harshad, Mhindu aliyekuwa na duka la kutengeneza redio karibu na soko kuu la Moshi. Alilirithi kwa baba yake pamoja na kaunta, feni moja, na rafu ya redio ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Siku ya kwanza sikupewa mita wala pasi ya kuchomelea risasi. Nilipewa brashi ya kupakia rangi iliyokatwa manyoya yakabaki mafupi, nikaambiwa nisafishe. Nilisafisha wiki mbili. Ndani ya redio za enzi zile nilikuta vumbi la kila kata ya mkoa huu, na mende waliojenga ukoo mzima penye joto la transfoma.

"Nusu ya kazi ni mende," Bwana Harshad aliniambia. "Nusu nyingine ni watu waliojaribu kutengeneza kabla yako."

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mzee mmoja aliyebeba redio kifuani kama mtoto mgonjwa. Akauliza fundi yuko wapi. Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Hapana mama, namuulizia yule anayetengeneza." Bwana Harshad alikuwa nyuma yangu anakunywa chai. Hakuinuka. Akasema tu, "Mzee, leo anatengeneza huyo. Mimi leo nakunywa chai." Mzee alikaa kwenye benchi akanikodolea macho saa nzima. Redio ilikuwa na waya mmoja uliong'oka. Ilipoanza kuimba alimshukuru Bwana Harshad, akaondoka.

Nilikasirika, na hasira ile sikuificha. Bwana Harshad akaniambia nisubiri, kwamba redio ya mzee yule ina nyaya nyingine tano zinazokaribia kung'oka. Kweli alirudi mara tano. Mara ya tatu alianza kuniita fundi, na mara ya tano aliniletea mkungu wa ndizi.

Alichonifundisha Bwana Harshad kuliko chuo ni kusikiliza. Alikuwa anafumba macho, anainamisha kichwa upande, kisha ananiuliza, "Inavuma, inakwaruza, au inakata?" Ikivuma, tafuta kwenye umeme. Ikikwaruza, kuna uchafu au mahali palipolegea. Ikikata, andaa subira, maana utangoja mpaka ikate tena mbele ya macho yako, na itakataa kukata kwa sababu inakuona. Mpaka leo naingia nyumba ya mtu nasikiliza kwanza, mita inabaki mfukoni. Nyinyi mnaanza na mita. Haya.

Miaka ile vipuri havikuwapo. Tulikuwa na makopo ya majani ya chai yaliyojaa vitu tulivyong'oa kwenye redio zilizokufa, na kila kopo lilikuwa na jina la redio iliyochangia, kama mbao za wafadhili kanisani. Halafu milango ya biashara ikafunguliwa, na ghafla mji ukajaa mali kutoka Dubai. Zikaja redio kubwa kama kabati, zenye taa za rangi na stika inayodai nguvu ya kutikisa mlima. Nilifungua moja nikakuta spika nne, mbili kati yake ni plastiki tupu iliyochorwa. Mwenye nayo aliniomba nisimwambie mkewe.

Kesi ngumu za wakati ule nazikumbuka zote, lakini nitawapa mbili. Singasinga mmoja mkandarasi, Bwana Gurdip, aliagiza muziki wa maana kabisa: amplifaya, deki, spika mbili za mbao zinazonifika kiunoni. Akaniita akilalamika kwamba besi haisikiki, wakati spika kama zile zilipaswa kutikisa vikombe. Niliangalia kila kitu siku mbili. Siku ya tatu nikasimama katikati ya sebule, nikasikia sauti kama imegawanyika, haina mahali inapotoka. Spika moja ilikuwa imeunganishwa waya mwekundu penye mweusi. Ya kulia ilikuwa inasukuma hewa wakati ya kushoto inavuta, zinafutana. Nilibadilisha nyaya mbili kwa sekunde kumi na vikombe vikatikisika. Bwana Gurdip aliniuliza ni nani aliyeziunganisha vile. Nilimwambia ukweli: ni mimi.

Nyingine ilikuwa Sanya Juu, kwa mfanyabiashara wa mahindi ambaye muziki wake ulikuwa unakata siku za soko tu. Yeye alishasadiki kwamba jirani amemroga. Nilikwenda siku ya kawaida, ukaimba vizuri. Nikarudi siku ya soko, nikakaa, ukakata. Nikachungulia dirishani nikaona watu wamepanga foleni na magunia. Mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa kwenye waya uleule wa umeme, na ikiwaka, umeme wa nyumba nzima unazama. Kwa hiyo mteja wangu hakukosea sana, jirani alihusika. Nikamfungia kidhibiti cha umeme, na kesi ya uchawi ikafa.

Bwana Harshad alifariki miaka ya tisini ikielekea mwisho. Mjane wake aliniita akanipa mita yake, ile ya mshale. Nililia mbele ya wateja, na sioni haya kuliandika hapa.

Miaka ya elfu mbili ilipoingia, kazi ikageuka. Watu waliacha kuleta redio, wakaanza kuleta kompyuta. Nilikuwa nimeshavuka miaka arobaini, nikakaa darasani na watoto wa kidato cha nne kujifunza upya. Na mwishoni mwa miaka ile ndipo ulipofika mtindo huu ambao kwenu ni maji ya kunywa: muziki wote uko ndani ya kompyuta, kompyuta iko chumba kimoja, na chumba kingine kuna kifaa kidogo kisichozidi ukubwa wa kitabu cha nyimbo, kimeunganishwa na amplifaya. Kifaa kinauchota muziki kutoka kwenye kompyuta kupitia ruta. Hakuna kaseti, hakuna santuri, hakuna kuinuka. Hapa Moshi, mfumo wa kwanza wa namna hiyo kupita mikononi mwangu ulikuwa wa Mwalimu Elirehema wa Mwika, na huo ndio niliotaka kuwaandikia tangu mwanzo.

Mwalimu Elirehema alikuwa mwalimu mstaafu, na kwa miaka mingi alifundisha kwaya ya usharika wao. Kila alichofundisha alikirekodi. Alikuwa na masanduku mawili ya kaseti, kila kaseti ina mwandiko wake wa ubaoni. Kisha alipata kiharusi, miguu ikakataa, akawa mtu wa kitandani na wa kiti. Deki ilikuwa sebuleni, yeye chumbani, na hakutaka mkewe awe anakimbia kugeuza kaseti kila nusu saa. Akanyamaza, akaacha kusikiliza. Binti yake Aikande, nesi aliyekuwa akifanya kazi nje, ndiye aliyenunua vile vifaa na kunipigia simu. Aliniambia, "Mama, mimi siogopi kiharusi. Naogopa ule ukimya wake."

Kuhamisha kaseti kuingia kwenye kompyuta kulinichukua wiki nyingi, maana kaseti haiharakishwi, ya saa moja inakula saa moja. Nikapanda Mwika na vifaa vyangu. Nyumba ni ya mawe, kuta nene kama za kanisa, na hapo ndipo somo la kwanza lilipoanza. Ruta niliiweka sebuleni, kifaa chumbani kwa Mwalimu, na muziki ukawa unakatakata, neno moja la wimbo linafika, mawili hayafiki. Mawimbi hayakupenya ukuta. Nikapitisha waya juu ya dari, tatizo likaisha.

Kesho yake muziki ukazima kabisa. Umeme ulikuwa umeyumba, ruta ikazima na kuwaka, na ilipowaka ikaipa kompyuta anwani mpya. Kifaa kikawa kinabisha hodi kwenye anwani ya zamani. Nikaipa kompyuta anwani ya kudumu, nikaandika namba yake kwenye plasta nikabandika chini ya ruta. Siku ya tatu ukazima tena kila baada ya dakika ishirini. Hapo nilihangaika mpaka nikaanza kuongea peke yangu. Ilikuwa kompyuta inalala. Haikuguswa na mtu, ikadhani hakuna kazi, ikalala zake. Mama Aikande, mke wa Mwalimu, alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe na mashine hizi zinataka kuamshwa kama wanakwaya," akasema.

Baada ya hapo kilibaki kitu kimoja: mvumo. Chini ya nyimbo zote kulikuwa na sauti nzito, mmmm, kama ng'ombe yuko nyuma ya ukuta. Mwalimu alikuwa na sikio la mwalimu wa kwaya. "Fundi," akaniambia kwa ule ulimi wake mzito wa ugonjwa, "linaguna." Niliweka kiganja kwenye kasha la amplifaya, mvumo ukapungua. Nikatoa kiganja, ukarudi. Hiyo ni dalili ya ethi mbovu. Mnajua kwamba kila nyumba ina rodi ya shaba iliyozikwa ardhini na kuunganishwa na waya wa ethi, ili umeme unaopotea upate pa kwenda. Rodi ya Mwalimu ilikuwa imezikwa kwenye mawe makavu, na umeme haupiti kwenye mawe makavu. Inatakiwa ardhi yenye maji.

Nikazunguka nyumba kutafuta unyevu. Pembeni, kati ya migomba, nilikuta mahali udongo ni mweusi na laini, karibu na mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia. Kulikuwa na mstari wa mimea ya majani marefu, ile wanayoiita masale, mmoja ni isale. Mimi niliiona ni maua ya kupendezesha uwanja. Mitatu ilikuwa imekaa palepale nilipotaka kuchimba. Nikaing'oa, nikaiweka kando vizuri ili mwenye nyumba aipande mahali pengine, nikagongelea rodi yangu, nikavuta waya mpaka ndani. Mvumo ukakatika. Mwalimu alifumba macho, akatabasamu kwa upande ule wa uso uliokuwa bado unatabasamu. Nilikwenda kulala kwa mjomba wa Aikande nikijiona fundi.

Asubuhi nilipofika nilikuta waya wangu umekatwa vipande, na rodi imetupwa mlangoni. Mama Aikande alikuwa amesimama amejishika kichwa. "Ruwa wangu, fundi," akasema, akimwita Mungu kwa Kichaga, "umetufanya nini?"

Akanieleza, na kila neno liliniingia. Ile mimea ilikuwa mpaka. Ng'ambo ya pili ya masale ni kihamba, yaani shamba la urithi, cha Kaleb, mdogo wa Mwalimu, mzaliwa wa mwisho. Baba yao alipofariki, Kaleb alipata upande wa nyumba ya mzee, na kipande chenye mfongo kikawa kwake. Mwalimu alidai hatua tatu za kile kipande chenye maji. Wakagombana mpaka wazee wa ukoo wakaja kuyapanda yale masale, na tangu siku ile ndugu wawili hawakusemeshana. Miaka tisa. Nyumba zao unaweza kurusha jiwe kutoka moja hadi nyingine. Kaleb hakuja hata Mwalimu alipopata kiharusi.

"Na huyu mgonjwa," akasema Mama Aikande, "ombi lake ni moja tu. Hataki kufa kabla mdogo wake hajaingia mlango huu. Kila nikimlisha ananiambia hilo. Sasa Kaleb anasema kaka ameleta fundi kuja kuhamisha mpaka. Anakwenda barazani leo kushtaki."

Ningeweza kuwaambia kwamba nilijitetea. Nilianza kusema sikujua, akaninyamazisha. "Kutojua kwako hakupandi isale." Akaenda kwenye ile mimea niliyong'oa, akakata jani moja, akalifunga fundo, akaniwekea mkononi. "Mpelekee mwenyewe. Huwezi kumtuma mtu, na usiongee sana. Mchaga akiletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Lakini sijui akiletewa na mtu wa Singida."

Nilimkuta Kaleb uwanjani kwake amevaa shati la kwendea barazani. "Shikamoo baba," nikasema. Hakuitikia. Kwa mtu wa umri wake kutoitikia shikamoo ni kofi, na nilistahili. Nikapiga goti, nikamnyooshea lile jani kwa mikono miwili. Nikasema tu kwamba nimeng'oa mimi, kwa kichwa changu, na Mwalimu hakujua, hawezi hata kutoka kitandani kuona.

Aliliangalia lile jani na fundo lake. "Nani kakufundisha hivi?"

"Nimefundishwa asubuhi hii, baba."

"Ungefundishwa jana." Kisha akalichukua. "Marahaba," akasema.

Nilidhani yameisha. Hayakuisha, kwa sababu mpaka hauwezi kurudishwa na upande mmoja. Kama Kaleb angeyapanda masale peke yake, kesho ingesemwa kaiba. Kama ningeyapanda mimi, ndiyo kabisa. Ndugu wote wawili walitakiwa wawepo, pamoja na mzee mmoja wa ukoo. Na mmoja wa hao ndugu hawezi kutembea. Mama Aikande na mimi tulimvisha Mwalimu koti, tukamkalisha kwenye kiti, lakini kukibeba kiti kuvuka kizingiti na mizizi ya migomba hatukuweza. Mzee wa ukoo alikuwa mkongwe wa fimbo. Kaleb alikuwa amesimama kule kwenye mfongo, anatuona tunahangaika mlangoni.

Alisimama kwa muda niliouona mrefu mno. Halafu akaja. Alipanda ngazi, akaingia, akapita mbele ya kaka yake bila kumtazama usoni, akashika kiti kwa nyuma. Mwalimu alianza kulia. Tulimbeba hadi mpakani, masale yakapandwa mashimo yaleyale, mzee wa ukoo akaomba, tukamrudisha Mwalimu chumbani. Kaleb akawa anaondoka.

Hapo nilifanya jambo ambalo sikulipanga. Nilikuwa nakusanya vifaa vyangu, na nilitaka kujua kama kukatwa waya kumeharibu kitu kingine, nikawasha. Kifaa kikaendelea pale kilipoachia jana, katikati ya wimbo wa kwaya ya usharika wao, wa miaka mingi nyuma. Na chini yake ule mvumo, mmmm. Kaleb alikuwa ameshafika mlangoni. Akageuka.

"Hiyo ni sisi," akasema. "Hiyo besi ni mimi na marehemu Ndesario." Akasikiliza zaidi, akakunja uso. "Mbona inaguna hivyo? Sisi hatukuimba hivyo."

"Ni ethi, baba," nikasema. "Ardhi ya huku ni mawe. Haina maji."

Mwalimu kitandani alikuwa anamtazama. Kaleb alitazama sakafu. Kitu walichogombania miaka tisa ni maji yale yale, na kila mtu mle chumbani alilijua hilo, hata mimi niliyejua kwa saa tatu tu.

"Ya kwangu ina maji," Kaleb akasema mwishowe. "Chimba kwangu."

Nilichimba upande wa pili wa masale, hatua mbili kutoka mfongoni, Kaleb mwenyewe ameshika rodi mimi nikigonga nyundo. Waya niliupitisha ndani ya bomba, chini ya mpaka, bila kugusa jani hata moja. Tangu hapo, vijana, kabla sijagongea kitu ardhini kwa mtu nauliza kwanza kinachoota pale ni cha nani na kinasema nini. Mlinicheka kwa hilo miaka yote. Sasa mmejua.

Mwaka uliofuata, mwezi wa pili, kiangazi kikiwa kimekausha mifongo yote, nilipita Mwika kuangalia kazi yangu. Sikwenda ndani kwanza, nilikwenda kwenye rodi, maana nilijua ardhi ikikauka mvumo utarudi. Nilimkuta Kaleb ameinama pale, anamwagia maji kutoka kwenye ndoo. Nikamwamkia, akaitikia, nikamuuliza nani kamwambia amwagie.

"Kaka," akasema. "Linaanza kuguna, ananiita. Nakuja namwaga ndoo moja, naingia kuangalia kama limenyamaza. Kama tunakunywa chai, tunakunywa. Kama kuna wimbo, tunasikiliza. Jana tumebishana kuhusu ufunguo wa wimbo mpaka Mama Aikande akatufukuza."

Nilifurahi, na ule ufundi wangu ukanipanda. Nikamwambia asihangaike tena na ndoo. Kuna namna: tunachimba shimo pana, tunajaza mkaa na chumvi kuizunguka rodi, unyevu unakaa miaka. Vifaa vyote ninavyo kwenye gari, ni kazi ya saa mbili. Halitaguna tena.

Kaleb alijinyoosha, akaniangalia kama nimeng'oa masale kwa mara ya pili.

"Fundi," akasema, "acha. Lisipoguna, ataniita kwa sababu gani?"

Nikarudisha mikono mfukoni. Hapo hapo tukasikia dirishani ile sauti nzito ya Mwalimu: "Kalebu! Kalebu! Linaguna!"

Nilitega sikio. Dirisha lilikuwa wazi na kwaya ilikuwa inaimba. Spika zilikuwa safi kabisa, hakuna mvumo wowote. Kaleb naye alilijua hilo, maana ndoo aliiacha palepale chini, akaenda mikono mitupu.